Kambare Wanne Katika Pipa Moja

Kambare wangu walikuwa wanne, na siku ya kuwahamisha niliwahesabu mara mbili kabla hawajatoka nyumbani.

Mimi ni fundi wa vioo. Tangi la sebuleni nililitengeneza mwenyewe, na ufugaji nilijifunza kwa kukosea. Kambare walikuja wakiwa na urefu wa kidole. Miaka mitano baadaye Mzee, mkubwa wao, alikuwa amefikia urefu wa mkono wangu, na akijigeuza tangi lilitoa mlio kama mlango mbovu. Masharubu na Mpole walimfuata kwa ukubwa. Wa nne tulimwita Kitindamimba, maana alidumaa akabaki shibiri moja na ushei. Kambare hula chochote kinachoenea mdomoni, lakini hawa niliwashibisha asubuhi na jioni, wakaishi kama ndugu.

Gundi ya pembeni ilipoanza kuvuja, mke wangu alisema, "Chagua. Hao wenye ndevu, au mimi mwenye zulia."

Kaka yake akasikia habari. Yeye hufyatua matofali, na nyuma ya karakana yake alikuwa na shimo kubwa alilolisakafia, akalijaza maji na kupanda magugu ukingoni. Akatuma ujumbe: "Waleteni kwangu."

Ujumbe huo ulikuwa mzito kuliko samaki wenyewe. Ndugu hawa walikuwa na miaka miwili bila kusemeshana, tangu cherehani ya marehemu mama yao ipotee wiki ya msiba na mke wangu aseme mbele za watu kwamba aliyeibeba anajulikana. Aliusoma ujumbe mara tatu. "Mjibu," akasema, akiangalia dirishani. "Mwambie tunashukuru." Nikajua hataki jambo hili liharibike. Mimi pia sikutaka.

Lakini shemeji alipokuja kuwatazama, aliinama kwenye kioo akapiga mluzi.

"Shemeji, huyu mmoja anatosha ukoo mzima, na mchuzi ukabaki."

"Hawa hawaliwi."

"Nani kasema wanaliwa? Nimesema anatosha."

Nilicheka, ila neno hilo nililitia mfukoni.

Nilikuwa nimesoma kwamba samaki wa safari hunyimwa chakula siku mbili ili wasichafue maji. Kwa kuwa mimi ni mtu wa tahadhari, nikafanya siku nne. Niliwatoa kwa shuka lililoloweshwa, kwa sababu miiba ya mapezi yao hunasa kwenye wavu. Niliwatia wote katika pipa moja la buluu, ndani ya maji yao waliyoyazoea, nikaweka kifuniko chenye matundu, maana gizani kambare hutulia. Kisha nikakifunga kwa kamba na fundo langu la kufungia vioo: mizunguko miwili, ncha chini.

"Usifungue njiani, shemeji. Mmoja akirukia barabarani, kwisha habari."

"Nimesikia, daktari."

Kiti cha mbele cha pikapu ya shemeji kilijaa pampu na mabomba, kwa hiyo nilifuata kwa baiskeli. Ni mwendo wa dakika ishirini tu, na baiskeli si pikapu. Hata hivyo nilifika wa kwanza. Nilikaa juu ya matofali nusu saa nzima ndipo akaingia, mkono wake wa kulia umelowa hadi begani.

"Vipi?"

"Tairi. Nilisimama kuongeza upepo."

Niliyazunguka matairi yote manne. Vifuniko vya vali vilikuwa na vumbi lililoganda, hakuna kidole kilichovigusa. Nikatazama kamba ya pipa. Mzunguko mmoja, ncha juu.

Tukashusha pipa, nikaanza kuwatoa. Mzee alizama bwawani kama gunia, bila hata kupiga mkia. Masharubu na Mpole wakamfuata. Nikaingiza mkono tena, nikapapasa hadi chini. Maji matupu.

"Wako watatu," nikasema.

"Si ulisema wanne?"

"Nilisema wanne."

"Hebu papasa vizuri."

Tulilimwaga pipa lote. Hapakuwa na kitu. Shemeji anaishi peke yake, na kupitia mlango uliokuwa wazi niliona sufuria juu ya jiko. Nikaomba maji ya kunywa ingawa sikuwa na kiu. Jikoni nilifungua friji: chupa mbili na nusu ya limau. Nikafunua sufuria: maharage. Nilipogeuka, alikuwa amesimama mlangoni.

"Maji yako kwenye mtungi," akasema taratibu. "Huko ni kwenye maharage."

Nilikunywa maji nisiyoyataka, nikaondoka.

Nyumbani, mke wangu alikuwa anafagia mahali tangi lilipokuwa. "Wamefika wote?"

Nikachelewa kujibu. Mtu asiyesema sana ana shida hiyo, kimya chake husikika. Akaniweka kitako, nikamweleza: mkono uliolowa, tairi, fundo. Akachukua simu, akaiweka kwenye spika.

"Kaka. Samaki wa nne yuko wapi?"

Pikipiki ilipita upande wake.

"Nimemchukua mimi," akasema. "Nisameheni. Tuyamalize."

Mke wangu akakata simu. "Umeona? Mkono ule haujapona." Hakusema kama mtu aliyeshinda. Alirudi kufagia palepale alipokwisha fagia.

Mimi ningepaswa kuridhika. Lakini nililiwaza jambo hilo nikiosha vyombo, nikaona halikai sawa. Hakuuliza hata ni samaki yupi. Na mtu aliyeiba kitoweo leo, sufuria yake ina maharage?

Asubuhi nikaenda kwa kisingizio cha kupima maji. Kitindamimba alikuwa anaelea kando ya magugu. Hakuwa na jeraha la kisu. Mkia wake uling'aa mweusi kama siku zote, ila kichwa kilikuwa cheupe, ngozi imebabuka hadi kwenye mapezi ya mbele, kama aliyechovywa kwenye maji moto. Weupe ule nilikuwa nimewahi kuuona, zamani, Mzee alipomtapika samaki mwingine. Kichwa ndicho kilichotangulia tumboni. Mimi ndiye niliyemnyima mwenye mdomo mpana chakula siku nne, kisha nikamfungia gizani na mdogo wake.

Shemeji akaja na mswaki mdomoni. Akatazama. Nikamweleza.

"Kumbe," akasema.

"Sasa kwa nini ulisema umemchukua?"

Akatema povu pembeni. "Ya cherehani nilikataa. Niliapa mpaka sauti ikakauka, nikapata miaka miwili. Safari hii nikasema nikubali, huenda ikawa wiki mbili."

"Na fundo?"

"Walikuwa wanagonga pipa, shemeji. Kugonga kwa fujo. Nikadhani hewa imewaishia. Nikasimama kivulini, nikafungua, nikawa nawavurugia maji kwa mkono. Ulinikataza, nikaona haya kukwambia. Tairi ni uongo. Huo ni wangu."

"Nisamehe."

"Wewe nilikusamehe ulipofunua maharage yangu. Uliyaonea huruma." Kisha uso ukarudi kuwa mzito. "Lakini si wewe uliyenipigia simu."

Nikampigia mke wangu. Alisikiliza hadi mwisho. "Usimtoe majini," akasema. "Nakuja."

Alikuja na ndala za nyumbani, moja yake, ya pili yangu. Alimtazama samaki kwa muda mrefu. Kaka yake alisimama ng'ambo, mikono nyuma, kama anayesubiri hukumu.

"Jana ungekataa," mke wangu akasema.

"Ungeamini?"

"Hapana," akasema. "Nilikuwa nimeshajijibu kabla sijapiga."

"Basi mdogo wangu, ile ya zamani niulize leo. Niulize kama hujui jibu."

Kwa miaka miwili mke wangu alikuwa amesema, hakuwahi kuuliza.

"Kaka, ulichukua cherehani ya mama?"

"Sikuichukua."

Upepo ulisogeza magugu. "Haya," mke wangu akasema. Sijui kama aliamini yote, na sikumuuliza. Alivua zile ndala, akazunguka bwawa, akakaa ukingoni, miguu ndani ya maji, umbali wa matofali matatu kutoka kwa kaka yake.

"Toa miguu," shemeji akamwambia. "Hujasikia kuna mwenye njaa humo?"