Mtu wa Kofia Katika Ukumbi wa Chama cha Mazishi

Nina urefu wa mita moja na sentimita hamsini na nane. Naanza na hilo kwa sababu ndilo chanzo cha yaliyonipata, ingawa kwa muda mrefu niliwaambia watu kwamba chanzo ni kompyuta.

Nachora ramani za majengo katika ofisi ya Rra Tshekiso, hapa Francistown, Botswana, ambako bwana huitwa Rra na bibi huitwa Mma. Katika programu yetu, kitu kinachojirudia, kama mlango, sinki au kiti, hakichorwi kila mara. Unakichora mara moja, unakipa jina, unakiweka ghalani; kinapotakiwa unabandika nakala. Ukiifungua ile asili ukairekebisha, nakala zote hugeuka papo hapo, hata zilizo kwenye kurasa ulizokwisha kuzisahau. Jambo hili nimewafundisha wachoraji wanne, tena kwa majivuno.

Ghalani mlikuwa na kipande kiitwacho MTU: mwanamume asiye na uso, mwenye kipara, mita moja na sabini, wa kusimamishwa kando ya jengo ili mteja aone ukubwa wake. Siku moja, nikichora ukumbi wa chama cha mazishi cha Mma Habangana, nilimwona huyo mtu mlangoni, amepooza kama uji wa jana. Nikamfungua. Nikamvika kofia pana kama yangu. Nikampa mabega, nikampunguza tumbo. Halafu, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akinitazama, nikamvuta mpaka mita moja na tisini na mbili. Nikahifadhi, nikaenda zangu kununua magwinya, maandazi ya huku kwetu, yangali ya moto.

Alhamisi iliyofuata wateja wakaja. Mma Habangana, mwenyekiti, ni fundi cherehani, utepe wa kupimia haumtoki shingoni. Alifuatana na katibu wake, Rra Phuthego. Nikabandika karatasi ukutani bila kuzitazama, maana bingwa hakagui kazi yake.

Rra Phuthego akaangalia weee. "Rra Tshekiso, milango hii mbona mifupi?"

"Ni ya kawaida, Rra," akasema bosi wangu.

"Kawaida ya nani? Kofia ya huyu bwana inakaribia kukwaruza fremu."

Mma Habangana alikuwa ameshafika karatasi ya tatu. "Na huyu wa kofia, mbona yuko kila mahali? Jikoni wako watatu. Huku anatoka choo cha wanawake." Akainamia chumba cha kulazia maiti. "Na humu yumo kwenye jeneza. Na kofia yake. Miguu imetokeza nje."

Wiki mbili nyuma, kwa uvivu wa kuchora maiti, nilikuwa nimemlaza MTU yuleyule jenezani.

Rra Tshekiso hapendi kubishana na wateja. "Tutapandisha milango yote," akasema, "na kuta, na paa. Mbakisi ataanza leo."

Mbakisi ndiye mimi. Nilifikiria kukaa kimya. Jengo zima lingeinuliwa kuficha aibu yangu, na kwa nusu dakika hivi niliona si neno.

"Milango haina kosa," nikasema mwishowe. "Mtu ndiye aliyerefushwa."

"Na nani?"

"Na mimi, Rra."

Mma Habangana alinitazama kuanzia kofia hadi viatu. "Hebu simama hapa, mwanangu." Akavua utepe, akanivua na kofia, akapima. "Hamsini na saba."

"Hamsini na nane, Mma."

"Nimeshona suti miaka thelathini. Hamsini na saba. Na yale mabega uliyaokota wapi?"

Rra Phuthego akakohoa kuficha kicheko.

"Kwa hiyo mle jenezani ni wewe," akaendelea mama.

"Ndiyo, Mma."

"Hata chama hujajiunga nacho, umeshatangulia kuzikwa."

Nikaketi kwenye kompyuta wote wakinisimamia. Nikamfungua MTU, nikamvua kofia, nikamrudisha kwenye mita moja na sabini. Wote wakapungua kwa pamoja: wa jikoni, wa mlangoni, wa chooni, wa jenezani akavuta miguu ndani. Rra Phuthego akaitazama milango, akasema sasa imekuwa mirefu inavyotakiwa, akatusifu kwa kufanya kazi haraka.

Rra Tshekiso hakunifokea. Alingoja wageni waondoke, akalifunga ghala kwa nywila yake. Siku hizi nikitaka kugusa hata kitasa, nabisha hodi kwake na kujieleza, naye huniuliza, kwa upole kabisa, kama mimi na kitasa hicho tuna undugu.