Dakika Tatu za Verediana

Wenye maduka madogo thelathini na wanane walipomchagua Verediana akawasemee mbele ya kamati ya Bunge iliyokuwa ikikusanya maoni juu ya muswada wa kodi, hawakuhitaji kumbembeleza. Mwenyewe alijua kwamba kodi ya sigara ikipanda tena, duka lake la mtaa wa Sydenham, huku ugenini kusini, halimalizi mwaka. Watu hudhani duka la namna ile huishi kwa mkate na sukari. Wapi! Huishi kwa sigara za moja moja. Mtu anayewahi taxi ya kwenda viwandani Jacobs husimama anunue sigara moja, na kwa kuwa keshasimama, huchukua na mkate, maziwa na vocha ya simu. Asiposimama kwa sigara, hasimami kabisa.

Na walishaanza kutosimama. Kodi ilipopanda mwaka uliotangulia, jamaa mmoja mwenye begi alijiweka kwenye taa za barabarani pale juu, akawa anauza pakiti za magendo kwa nusu ya bei. Verediana hakutaka kuuza mali ya magendo. Alitaka mtu mkubwa asikie tu kwamba kila wanapopandisha kodi wanamjazia jamaa yule begi.

Hotuba aliandikiwa na Kiprono, mhadhiri Mkenya aliyekuwa mteja wake wa mkate. Ukurasa mmoja wa Kiingereza, umenyooka, hauna neno la kupoteza. Odette, Mkongomani mwenye duka Mobeni na rafiki yake wa miaka kumi na mmoja, alikaa kwenye kreti ya soda akimpimia muda kwa simu.

"Mama Belinda, iko dakika tatu tu," Odette alimwambia Verediana. "Acha ile maneno ya salutations. Ingia direct ku kodi."

"Dada, wewe sema tu *all protocols observed*, itifaki imezingatiwa," Kiprono akaongeza, "halafu anza na hoja ya kwanza."

Verediana aliitikia, lakini moyoni maneno yale aliyaona ya watu wavivu. Alizaliwa na kulelewa Bukoba. Kwao huombi kitu kwa mkubwa kabla hujamsalimia akatosheka, na salamu ya kufupisha ni sawa na kumpa mtu kisogo. Hawa ni wabunge, wamepanda ndege kuja kumsikiliza mwuza duka. Utawavamiaje na shida zako hata hujawauliza habari za safari?

Siku ya kikao ukumbi ulijaa. Jina lake lilipoitwa alisimama mbele ya kipaza sauti, karatasi ya Kiprono mkononi. Akamsalimu mwenyekiti. Akamsalimu makamu wake, kisha wajumbe, kila mmoja kwa jina alilolisoma kwenye kibao kilichokuwa mbele yake. Akamsalimu mkalimani, mchungaji aliyefungua kwa sala, na askari waliokaa mlangoni. Akawapa pole kwa msiba wa mjumbe mwenzao, maana alikuwa amesikia redioni. Akawapongeza kwa kufika salama. Wajumbe wakaanza kutabasamu, mmoja akaweka simu chini amwangalie vizuri, na Verediana akapata nguvu. Akawashukuru kwa kazi nzito ya kuuandaa muswada ule, akawaombea Mungu awajalie afya waukamilishe salama.

Ndipo akaifunua karatasi. Karani akagonga kengele.

"Asante sana, Mama," mwenyekiti alisema kwa Kiingereza cha upole. "Laiti wote wangezungumza nasi hivi."

"Mheshimiwa, nilikuwa ndiyo naanza," Verediana akasema. Lakini kipaza sauti kilikuwa kimeshazimwa, na mtu wa zamu iliyofuata alikuwa amesimama nyuma yake akikohoa. Aliirudia sentensi ile bila kipaza sauti. Karani akamshika kiwiko, kwa adabu kabisa, akamwonyesha kiti chake.

Wiki sita baadaye kodi ilipita na taarifa ya kamati ikatoka. Kiprono alimsomea kwenye simu, pale pale dukani, akaanza haraka na kuishia polepole. Walioupinga muswada walikuwa wameorodheshwa upande wao. Walioupongeza walikuwa wameorodheshwa upande mwingine, na wa tatu kwenye orodha hiyo alikuwa Bi. Verediana, mfanyabiashara wa Sydenham, aliyeishukuru kamati kwa muswada na kuiombea iukamilishe.

Waliandika barua ya kusahihisha. Jibu lilikuja la mistari miwili: taarifa imeshapitishwa na haiwezi kubadilishwa, kamati inamshukuru kwa mchango wake. Verediana alilisoma mara nyingi kama vile mstari wa tatu ungejitokeza. Aliona uchungu, na aliona aibu zaidi. Hapakuwa na mtu mwingine wa kumwandikia.

Wenye maduka wenzake waliacha kupiga simu. Kwenye kundi lao la WhatsApp mtu aliituma picha ya orodha ile bila neno, na hakuna aliyejibu. Verediana akajipa moyo kwamba Odette anamjua.

Odette alikuja Jumamosi mchana. Hakukaa kwenye kreti. Alizitazama rafu zilizopungua, akamtazama rafiki yake, akateremsha sauti ingawa dukani hamkuwa na mteja.

"Eish, Mama Belinda. Mimi sikukasirike. Niambie tu, walikupa pesa ngapi?"

Verediana aliivuta kreti ya soda akamsogezea. Amwambie nini? Kwamba hawakumpa hata senti, kwamba dakika zote tatu, riziki ya maduka thelathini na manane, alizimaliza kwa heshima?

"Nilikuwa nawasalimia tu, Odette," alisema. Aliyasikia maneno yenyewe yakitoka, na yalisikika kama uongo wa mtu asiyejua hata kudanganya.