Mwantumu Aombwa Mji Siku ya Rufaa

Usingizi hauna adabu, humchukua mtu popote. Mchana kweupe, kwenye benchi la mahakama ya rufaa za wageni, katika nchi ya baridi alikokwenda kutunza wazee wa watu, Mwantumu binti Shekue wa Muheza anasinzia, kidevu kifuani, mkoba mapajani. Pembeni yake wakili Mutheu, dada wa Kikamba mwenye ulimi mkali, amechoka kumsihi. Viza ya kazi ya Mwantumu imefutwa. Bi. Gerda, mwenye nyumba ya kutunzia wazee, ndiye aliyemdhamini, na ndiye aliyewaambia wakubwa kwamba ametoroka kazini. Hakutoroka. Gerda mwenyewe alimtuma ampeleke hospitali Mzee Konrad aliyezidiwa, na mzee alipokata roho Mwantumu akabaki naye mpaka walipokuja kumchukua, maana kwao maiti haiachwi peke yake. Huku nyuma wakaguzi wakakuta zamu haina mtu, Gerda akaogopa kufungiwa, akasema hajui alikokwenda. Na Mwantumu alipoulizwa akajibu makosa ni yangu. Makosa gani, mwanamke huyu? Lakini Gerda ndiye aliyempokea uwanja wa ndege na koti mkononi, na mtu uliyekula chumvi yake humvui nguo hadharani. Mutheu amemwambia leo ndiyo mwisho: asiposema ukweli atarudishwa kwao na hatakanyaga tena huku. Mwantumu amenyamaza, na kule kunyamaza kumegeuka usingizi.

Benchi linarefuka. Linarefuka mpaka linakuwa barabara, na Mwantumu yuko juu yake anatembea, na kila anapofika mwisho barabara inazaa barabara nyingine, na ukumbi wa mahakama umebaki nyuma, au mbele, hajui. Mtu anatembea naye. Hana uso, mahali pa uso pako laini kama yai lililomenywa. Kitendawili, anasema mtu yule. Mwantumu anajibu tega, kwa kuwa mtoto wa Muheza hata umkute anazama, ukimwambia kitendawili atajibu tega kwanza. Nyumba yangu nzuri, ufunguo kashika jirani. Hicho chepesi, kimemkosesha usingizi tangu siku aliyofika. Viza yangu, anajibu, na barabara inafurahi, inamfungulia mji.

Mji wenyewe kuta zake ni vioo. Kila ukuta una Mwantumu ndani yake, amevaa sare ya kazi, anatembea kinyumenyume, na kila mmoja anasema makosa ni yangu, makosa ni yangu, kwa sauti ile ya upole inayowaudhi wanaompenda. Anageuka kushoto anajikuta, anageuka kulia anajikuta, na wote wameinamisha macho. Kitendawili, anasema tena asiye na uso. Tega. Nina shuka moja, nimemfunika mzima, maiti yuko wazi. Mwantumu anafikiri, anazunguka nacho mitaa yote, hakipati. Basi nipe mji, anasema yule, kama ilivyo desturi ya aliyeshindwa. Mwantumu, mjanja wa utotoni, anampa Tanga. Tanga si yako, anaambiwa, toa ulio wako. Na anaona kweli ana miji miwili tu duniani: Muheza alikozaliwa, na huu wa baridi ambako wazee humwita kwa jina wakitaka maji. Akiutoa huu atakuwa amekwisha. Moyo unamuuma, na anajishangaa, kwani hakujua kwamba anaupenda.

Anaomba apewe muda, na katika kutafuta pa kukaa afikiri anamwona Mzee Konrad. Amelala katikati ya njia, hana kitu mwilini ila shati la hospitali, na watu wa vioo wanampita. Sasa mwangalie huyu mwanamke. Kitendawili kinamngoja, mji unamponyoka, na yeye anaacha vyote, anakaa chini kando ya mzee, anamshika mkono. Hakuna aliyemtuma huku. Wengine tumesoma tukajaza makabati, lakini utu wa namna hii hatukuukuta darasani. Mzee Konrad anafumbua macho. Binti yangu ameambiwa mtunzaji alikimbia, anasema, kwa hiyo anaamini nilikufa peke yangu. Ni kweli, mwanangu, nilikufa peke yangu?

Mwantumu analia. Analia kwa sauti, na vioo vyote vinalia. Hapo ndipo kitendawili kinapomjia. Shuka ni sitara yangu, anamwambia asiye na uso. Nimemfunika Gerda, aliye hai, anayeweza kujisemea. Huyu asiyeweza nimemwacha wazi. Asiye na uso hasemi umepata wala umekosa. Anasogea pembeni tu, kama mtu anayepisha jeneza.

Dada, amka, tunaitwa. Ni Mutheu, au ni sauti ya Mutheu. Mwantumu anasimama, anafuata ukumbi ambao kuta zake ni vioo, na ndani ya vioo anajiona akitembea, safari hii kwenda mbele. Anajifinya paja. Linauma kidogo, lakini hata kule mambo yaliuma. Ndani, hakimu ameinamia makaratasi, uso wake hauonekani. Gerda amekaa upande wa pili na koti lake, ameangalia sakafu. Hakimu anauliza, bila kuinua kichwa, nani alikuruhusu kuondoka kazini?

Mwantumu anamgeukia Gerda kwanza. Mama Gerda, anasema, nisamehe. Kisha anamgeukia hakimu. Alinituma yeye, mheshimiwa. Nilikwenda na Mzee Konrad, nikamshika mkono mpaka ukapoa, na ulipopoa sikuuachia. Hata mkinirudisha kwetu, mwambieni binti yake baba yake hakufa peke yake.

Gerda anafunika uso kwa viganja viwili, na Mwantumu amesimama, anasubiri hakimu ainue kichwa, ili aone kama ana uso.