Kisanduku cha Kunusa Gesi

Nahodha wa timu ya sayansi, binti wa kidato cha tatu ambaye wenzake walimwita Nyaya, aliingia duka la mikate na wenzake, roho mkononi. Alishika kisanduku walichokiunda wenyewe shuleni, cha kunusa gesi inayovuja. Maduka saba yalikuwa yamewanyima udhamini wa fulana za timu, tena kwa tabasamu, na hilo ndilo lililoudhi zaidi. Hili la nane lilikuwa la bosi wa mama yake, na mama alikuwa humohumo, nyuma, kwenye matanuri. Akiharibu hapa, ameharibu mpaka nyumbani.

"Haya, nionyesheni," alisema mwenye duka, mtu wa kucheka hata pasipo na kichekesho. "Dakika tano tu."

Nyaya akabonyeza swichi. Hata hajaanza maelezo, kisanduku kikapiga kelele.

"Kadude kenu kana wazimu!" mwenye duka akacheka. "Au ndiyo mbinu yenyewe, mnatutisha ili tutoe hela?"

Wenzake wakatazama chini. Kisanduku kilishawahi kuwaumbua darasani, kikayalilia marashi ya mwalimu.

Mama akachungulia, aproni imejaa unga, kiberiti mkononi. "Zima hicho, mwanangu, usinitie aibu kwa bosi. Nina tanuri la kuwasha." Akageuka kurudi.

Kama kimekosea, kesho mama hana kazi. Kama hakijakosea, je? Nyaya hakuthubutu kuwaza zaidi. Alipita nyuma ya kaunta, akampokonya mama kiberiti, akatimua mbio mpaka ng'ambo ya barabara. Mama akamfuata akimwita kichaa. Wenzake nao, bila kuulizana, wakatoka nduki.

Mwenye duka akaenda nyuma kuhakikisha kwamba watoto hawa ni waongo.

Alirudi hacheki. Alivuka barabara taratibu, akaketi ukingoni mwa mtaro.

"Mpira wa mtungi umepasuka," alisema. "Nimefunga gesi. Asiingie mtu." Kisha kwa sauti ndogo, "Hizo fulana zenu, andikeni jina la duka langu."

Wenzake wakakumbatiana. Nyaya akamgeukia mama, kiberiti bado mkononi.

"Mama, kwani hukusikia harufu?"

Mama alimtazama bosi kwanza, halafu akamsogelea bintiye sikioni.

"Naisikia tangu Jumatatu," alinong'ona. "Niliogopa kusema."