Mtafsiri wa Jumamosi

Siku tano za wiki alifundisha lugha ya kigeni katika shule ya sekondari. Jumamosi alikuwa mtafsiri wa kujitegemea, mezani kwake sebuleni, kati ya kabati la vyombo na ubao wa pasi wa mkewe. Alitafsiri vyeti, mikataba na barua za ng'ambo, na kazi yake ilikuwa safi. Ila mteja akishamkabidhi karatasi zake, ndiyo basi. Simu haipokelewi. Ujumbe unasomwa, haujibiwi.

"Waambie tu umefikia wapi," mkewe alikuwa akimwambia. "Maneno matatu. Hutavunjika vidole."

"Nikianza kumjibu kila mtu, kazi nitaifanya saa ngapi?"

Jumamosi moja akaja fundi cherehani wa mtaa wa nyuma, mjane, vipande vya uzi bado vimemganda kwenye gauni. Mwanawe wa pekee alikwenda nchi ya mbali kutafuta kazi, akakamatwa uwanja wa ndege na begi la mtu mwingine mkononi. Sasa wakili wake alikuwa ameandika.

"Mwalimu, hapa nimetambua jina la mwanangu tu. Mengine naona mishono."

Mwalimu akaichomeka bahasha chini ya rundo la mitihani. "Niachie, mama. Nitakupigia."

Hakupiga. Jumatano fundi alituma ujumbe: Barua inasemaje? Alhamisi akapiga mara mbili. Ijumaa akafunga cherehani yake, akaja hadi lango la shule, akasimama juani wanafunzi wakimpita huku na huku. Mwalimu alimwona kupitia dirisha la ofisi ya walimu, akatokea mlango wa nyuma. Jumamosi iliyofuata alikuwa na harusi ya binamu yake. Angesema tu, "Mama, sijaifungua, mpelekee mwingine," fundi angepata mtafsiri mjini kabla ya adhuhuri.

Aliifungua baada ya wiki mbili. Wakili alikuwa ameandika kwa kifupi: kijana anasema siku ya tukio alikuwa na miaka kumi na saba. Cheti cha kuzaliwa kifike kabla ya tarehe ishirini, ashtakiwe kama mtoto. Kisipofika, atahukumiwa kama mtu mzima.

Ilikuwa tarehe ishirini na nne.

"Mbona umebadilika rangi?" mkewe akauliza. Mwalimu akamsomea. Mke akachomoa waya wa pasi.

"Mwambie ukweli. Leo hii."

Mwalimu akakaa, akaitafsiri barua yote kwa ufasaha, akairuka tarehe.

Fundi alipoisoma alipiga kigelegele palepale barazani. "Cheti ninacho! Kimo sandukuni, nimekitia plastiki!" Akatoka mbio, kiatu kimoja hakijaingia vizuri, na mchana huohuo kikatumwa.

Jibu lilikuja wiki ya tatu. Fundi hakufikiria mwingine wa kumpelekea ila yuleyule. Mwalimu akalisoma kimya kwanza. Kesi ilikuwa imekwisha tarehe ishirini na moja. Miaka kumi na mmoja. Cheti kingewahi, wakili aliandika, kijana angekuwa njiani kurudi nyumbani.

"Inasemaje, mwanangu?"

"Miaka kumi na mmoja, mama."

Fundi alishika ukingo wa meza. "Na cheti?"

Mke alikuwa amesimama mlangoni na birika la chai. Mwalimu hakumtazama.

"Wamekikataa. Wanasema kiliandikishwa kwa kuchelewa."

Fundi akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyekuwa akilitegemea hilo. "Ni kweli. Baba yake alisema aende tu kumwandikisha mwezi uleule aliozaliwa, nikamwambia angoje mtoto apate nguvu. Miaka miwili ikapita. Kwa hiyo ni mimi. Mimi ndiye niliyemfunga mwanangu."

Mke akafungua mdomo. Mumewe akamtupia jicho. Mke akainama, akaanza kumimina chai.

"Na kuna jingine linanikaa rohoni," fundi akasema, akiikunja barua mara mbili kwa vidole vyake vya kazi. "Zile wiki ulizokuwa kimya, nilikusengenya kwa majirani. Nilisema huna utu. Kumbe ulikuwa unanihangaikia. Unisamehe, mwalimu."

Mwalimu akasogeza kikombe karibu na mkono wake.

"Yameisha, mama," alisema. "Nimekusamehe."