Viti vya Dhahabu Chini ya Zege Bichi

"Sitoki," akasema binti yangu. "Shangazi amesema nikae hapa hapa mpaka mpiga picha amalize kupima mwanga."

"Na mimi mama yako nasema toka. Inuka kwenye hicho kiti."

"Wifi, usimtishe mtoto," akadakia dada wa mume wangu akiwa mlangoni, simu sikioni. "Kesho anaolewa. Wewe umeamka vibaya, kapumzike."

Sikuamka vibaya. Niliamka vizuri kabisa, nikaenda sokoni kufuata vitunguu, na niliporudi nikakuta sebule yangu haina miguu. Mirunda yote iliyokuwa imeegemeza zege la juu, ile miti niliyoipita kwa ubavu kila siku nikienda kulimwagilia maji, ilikuwa imetupwa uani kama kuni. Mbao zilizolibeba zege nazo zimebanduliwa. Zege lenyewe lilimwagwa juzijuzi tu, tena kwa pupa, kwa sababu wifi alitaka wakwe waikute nyumba ina ghorofa. Plasta hakuna, milango hakuna, choo kina pazia, lakini ghorofa lazima. Na pale ilipokuwa miti sasa palikuwa na jukwaa, vitambaa vya waridi na viti viwili vya dhahabu. Kimoja amekikalia mwanangu, nywele zimesukwa nusu.

"Nani kaing'oa?"

Wifi akashusha simu. "Mimi. Mpambaji kasema hawezi kupamba msitu. Wakwe wakute miti katikati ya sebule, si watasema tunaozesha zizini?"

"Ulimuuliza nani?"

"Nilimuuliza kaka yangu."

Kaka yake alikuwa pembeni akikunjua zulia. Alipoona namtazama, akaanza kulikunja tena. "Nilisema waondoe ya mbele tu," akajitetea. "Mama Watoto, ni siku moja. Watakula, watacheza kidogo, wataondoka."

"Watacheza. Na juu huko nasikia nini kinaburutwa?"

"Ni wapiga muziki tu."

"Na nini?"

"Na spika zao."

Nikamgeukia fundi, aliyekuwa akijifanya anafuta koleo lililokwisha kutakata zamani.

"Fundi, hili zege limekomaa?"

"Bado kidogo, mama."

"Bado kidogo, na umeng'oa?"

"Shangazi alisema baba ameruhusu. Mimi ni mtu wa kutumwa."

"Wangekutuma ung'oe meno yako, ungeng'oa?"

Mpiga picha akacheka, kisha akaona hakuna mwenzake anayecheka, akainamia kamera.

"Wifi, samahani," akasema dada mtu kwa ile sauti yake ya kusuluhisha ugomvi alioanzisha mwenyewe. "Diploma yako ni ya lishe. Ujenzi tuachie wenyewe."

"Ndiyo maana kibichi nakijua nikikiona."

Binti yangu akajipangusa bega. Akajipangusa tena. Chembe za mchanga zilikuwa zikimdondokea, moja moja, kisha kikadondoka kipande cha kokoto kikaruka kwenye kile kiti kitupu. Wote tukatazama juu. Ufa mwembamba ulianzia kwenye kona ya ukuta, ukapita juu ya kichwa chake, ukapotelea nyuma ya vitambaa.

"Ni vumbi tu la ujenzi," akasema mume wangu.

"Mbona umerudi nyuma?"

Nikapanda jukwaani, nikamshika mwanangu mkono, nikamtoa mpaka uani. Hakuja kwa hiari.

"Umeniharibia harusi!" akalia.

"Nimekuharibia. Lilia hapa nje."

Nikapiga kelele wapiga muziki washushe spika zao kwa ngazi za nje, polepole, mtu mmoja mmoja, na mpiga picha akatoka mbio bila kuambiwa. Nilidhani yameisha. Nikamsikia wifi akimnong'oneza kaka yake: "Mwache atulie. Kesho tutawapanga wakwe kando ya ukuta, katikati tuache wazi."

Hapo nikaelewa vile familia hii inavyonishinda miaka yote. Hawabishani nami. Wananisubiri nichoke. Nikiingia jikoni kukatakata vitunguu vyangu, watarudi ndani, na kesho watoto wa watu watakaa chini ya ule ufa wakisubiri soda. Sebule ile ina mlango mmoja tu, na madirisha yana nondo.

"Fundi, changanya saruji."

"Ya nini, mama?"

"Unaziba huu mlango."

Akamtazama mume wangu.

"Usimtazame yeye. Aliyekuwa akiruhusu amemaliza zamu. Nitazame mimi."

Nikakunja mikono ya gauni, nikabeba tofali la kwanza kutoka kwenye lundo la kujengea ukuta wa uani, nikalitua kizingitini. Fundi akaleta ndoo.

"Viti vimo ndani!" wifi akapiga ukelele.

"Vitakaa."

"Ni vya kukodi!"

"Basi ingia uvitoe."

Akavua viatu, akafika kizingitini, akainua macho kwenye dari. Kisha akavaa viatu vyake.

Tofali likapanda juu ya tofali. Binti yangu alisimama na nywele zake nusu, uso umevimba. Mstari wa tatu ulipokwisha akauliza, kama anamuuliza ukuta, "Sasa watu watakaa wapi?"

"Hapo penye lundo la mchanga. Baba yako anauhamisha, turubai linakuja."

Mume wangu akaweka zulia chini, akachukua lile koleo safi, akaanza kuchota. Wifi akampigia mpambaji, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi sauti yake ilikuwa ya chini.

Tofali zilipokaribia juu ya mlango, vitambaa vya waridi vilionekana kwa ndani, kwa kijipenyo tu. Fundi akasita na mwiko mkononi.

"Mama, tuache tundu la hewa?"

"La nani? Ziba."

Akaziba.