Rangi Nyeupe Kwenye Maziwa

Mzazi mwingine alipopiga simu kusema mwanawe hataendelea na masomo ya kuchora, mchoraji hakuuliza sababu. Alisema sawa, amesikia, akarudi kuosha brashi zake. Sababu aliijua. Ilikuwa na jalada jekundu na kurasa mia mbili na themanini, na aliyeiandika ni mdogo wake wa tumbo moja.

Kilikuwa kitabu cha upelelezi, na watu walikisifu hadi basi. Ndani yake mwanamke mchoraji anamuuguza mama yake, na kila asubuhi anamtilia rangi nyeupe kidogo kwenye maziwa, amuue polepole, apate kuuchora uso unaofifia siku hadi siku. Huyo wa kitabuni alikuwa na kikohozi kikavu, alifutia brashi kwenye paja la kushoto, na aliishi juu ya duka la fundi saa. Aliyemfahamu dada mtu hakuhitaji kuonyeshwa kwa kidole.

Na kweli dada alimuuguza mama yao, miezi kumi na mmoja, hadi akafariki. Kweli alimchora pia. Katika miezi hiyo mdogo wake alifika mara mbili, mara zote akiwa na haraka zake.

Jumapili alikuja, uso umemchangamka, kitabu kimechapishwa tena. Dada alimpa chai, akamwacha amalize habari zake zote za wasomaji na mialiko.

"Watoto waliobaki darasani ni wanne," alimwambia alipotua. "Walikuwa kumi na watano."

Mdogo mtu alicheka kidogo. Alisema hadithi ni hadithi tu, watu wazima wanapaswa kulielewa hilo, na yule mwanamke ni wa kubuni.

"Na kikohozi umekibuni?"

Dada angependa kukasirika, lakini hasira nayo inataka nguvu, na zake zilimwishia katika kumnyanyua mama kitandani, kumketisha, kumrudisha. Aliinuka kwa kujikokota, akatoa picha nyuma ya kabati, akaiegemeza ukutani.

Mdogo wake hakuwahi kuiona, ingawa kitabuni aliieleza kurasa nne nzima. Aliyekuwa pale ni mama mwenye mashavu yake, kitambaa cha manjano kichwani, mdomo umefunguka kama wa mtu anayetaka kukukatiza maneno. Ugonjwa haukuwemo.

"Alikuwa hivi?"

"Alikuwa mifupa mitupu. Alikataa nimchore alivyo. Kutwa kunisimamia: ongeza shavu, punguza pua. Alinichosha, mdogo wangu, sikufichi. Akasema picha ni yako, usije ukamkumbuka alivyokwisha."

"Mbona hukunipa?"

"Hukuja kuichukua."

Mdogo mtu alisogeza kikombe pembeni. Alisema atamwomba mchapishaji ambadilishe mchoraji wa kitabuni awe mwanamume, akae mji mwingine, asikohoe. Dada alimwambia asijisumbue, kitabu kimeshaingia majumbani mwa watu. Alichotaka ni kimoja: Jumamosi awaite wazazi darasani, aje awaambie ukweli mwenyewe.

Walikuja wengi, labda kwa kutaka kumwona mwandishi. Yeye aliyezoea kuhutubia kumbi siku hiyo ulimi ulimwia mzito.

"Dada yangu ndiye aliyemuuguza mama yetu," alisema. "Mimi sikuwepo. Nisichokiona nilikijaza kwa uongo."

Baba mmoja akauliza kama rangi nyeupe kweli inaua. Mchoraji alijibu mwenyewe kwamba zipo za zamani zenye sumu, lakini hajawahi kuzitia mkononi, na za watoto ni hizi hapa. Akampa kopo alisome. Baba alilisoma mbele na nyuma, akatikisa kichwa kukubali.

Mwezi huo walirudi watoto sita. Watano hawakuonekana tena, na mmoja wao ndiye aliyekuwa na mkono mzuri kuliko wote. Hilo lilimuuma, lakini hakumfuata mtu.

Wazazi walipotawanyika siku ile, mdogo wake alibaki kupanga viti, kisha wakaenda wote nyumbani na akaomba picha. Waliifunga kwa shuka, akashuka nayo ngazi kinyumenyume, taratibu, asiigonge. Dada alifunga mlango, akajitupa kwenye kochi na viatu vyake miguuni, akalala hadi jua likazama.